Jiwe Ligeukalo Rangi

Wasikilizaji, wazee wetu wa Ufipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru ndefu ziitwazo malungu. Liko jiwe jingine lenye chuma, jina lake vivianiti, nalo limeonekana katika matope ya Ziwa Nyasa.

Chini ya ziwa, pasipo hewa, chuma huyeyuka majini. Kikikutana na fosfati itokayo katika mifupa ya samaki, huungana nayo, na maji hufungwa ndani ya jiwe lenyewe. Likichimbuliwa halina rangi, na ukucha hulikwaruza. Likipatwa na mwanga na hewa huwa buluu.

Mkulima, angalia: fosfati ni chakula cha mimea. Chuma cha udongo mwekundu nacho huishika, mahindi yakaona njaa juu ya akiba. Basi, tieni samadi.