Kisiwa Kilichotekenya Mawaziri

Wajukuu zangu, nikiwauliza mkoa wa 101 wa Ufaransa uko wapi, mtanijibu Ulaya, kwenye theluji. Hapana. Uko huku kwetu, Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Madagaska. Unaitwa Mayotte; wenyewe husema Maore. Lugha yao, Kimaore, ni ndugu wa damu wa Kiswahili: mtu kwao ni *mutru*, watu ni *watru*.

Nchi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 374 hivi, haifiki hata nusu ya Pemba. Lakini imezungukwa na ukuta wa matumbawe, na bahari iliyofungiwa ndani ya ukuta huo ni kubwa karibu mara tatu ya nchi kavu. Kasa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai. Huko Tsingoni kuna msikiti wa kale wenye kibla cha mwaka 1538, na bado watu wanasali humo.

Mwaka 1841 Andriantsoly, mfalme mkimbizi kutoka Madagaska, aliwaachia Wafaransa kisiwa kwa ahadi ya malipo ya kila mwaka. Mashamba ya miwa yakaja, kisha milangilangi, ambayo maua yake huchumwa alfajiri na kukenekwa kupata mafuta ya manukato.

Baadaye Mayotte ikatawaliwa pamoja na visiwa vingine vya Komoro: Ngazija, Nzuwani na Mwali. Mwaka 1958 ikaamuliwa makao makuu yatoke Dzaoudzi, Mayotte, yaende Moroni, Ngazija. Ofisi zikahama, mishahara ikafuata. Kina mama waliobaki ndio walioona jiko likipoa. Wakafanyaje? Hawakushika panga. Kila waziri aliposhuka kutoka Moroni, walimzunguka na kumtekenya! Mbavuni, kwapani, kiunoni. Hebu fikirini: mheshimiwa na suti yake, anacheka huku anataka kulia, hotuba imempotea, anatafuta njia ya kurudi alikotoka. Angewashitaki kwa kosa gani? Kiongozi wao alikuwa Zéna M'Déré, na mimi namhesabu miongoni mwa wanasiasa hodari wa bahari hii.

Kura ya mwaka 1974 ilipopigwa, visiwa vitatu vilitaka uhuru. Huko Mayotte, zaidi ya wapiga kura 6 katika kila 10 walikataa. Komoro ikajitangazia uhuru mwaka 1975, na mpaka leo inasema Mayotte ni yake. Mayotte ikawa mkoa kamili tarehe 31 Machi 2011.

Sasa pesa yao ni yuro. Langilangi limebaki kidogo sana. Mishahara mingi hutoka serikalini, na vitu vya dukani huja kwa meli, bei juu. Ukilinganisha na Ufaransa ya Ulaya, Mayotte ni maskini. Ukilinganisha na Nzuwani, kilomita 70 tu, ni tajiri. Tangu 1995 Mkomoro hawezi kuingia bila viza, hata kama shangazi yake anaishi huko. Basi watu huvuka usiku kwa vimashua viitwavyo kwassa-kwassa, na wengi wamezama.

Wanaofika hujenga vibanda vya mabati milimani, juu ya mji wa Mamoudzou. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kiliving'oa, mlima ukabaki mtupu. Siku chache tu baadaye, nyundo zilikuwa zikigonga tena mabati yaleyale.