NDOO MOJA IFANYE KAZI MBILI

Wiki hii tuzungumzie maji, na tuanzie Msamala, hapa Songea. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kukoma mwezi Aprili au Mei. Baada ya hapo tunaishi kwa akiba. Milima ya Matogoro ndiyo chanzo cha Mto Ruvuma, lakini kuishi jirani na chanzo cha mto mkubwa si kinga ya bomba kukauka.

Nguvu ya maji ikipungua, anayekosa kwanza ni yule wa mwinukoni au wa mwisho wa bomba. Kwa hiyo koki inayovuja kwako inaweza kuwa ndiyo inayomtuma mtoto wa jirani na ndoo kichwani kabla ya kwenda shule.

Fanya jaribio dogo. Weka chombo cha lita moja chini ya koki inayovuja. Kikijaa kwa saa moja, unapoteza lita 24 kwa siku, yaani zaidi ya ndoo moja ya lita 20. Kwa mwezi ni ndoo 36. Na kama una dira, unazilipia. Mara nyingi ubovu ni kipande kidogo cha mpira ndani ya koki, ambacho fundi hukibadilisha kwa muda mfupi. Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Tukumbuke kuwa haba na haba humaliza pipa pia.

Ndani ya nyumba, kila ndoo ifanye kazi mbili. Maji yaliyooshea mchele au mboga yapelekwe bustanini. Maji ya suuzo la mwisho la nguo yadekie sakafu au yamwagwe chooni. Yale yenye sabuni nyingi yasimwagiwe mboga za majani. Mswaki tutumie kikombe, tusiache koki wazi.

Bustanini, mwagilia alfajiri au jioni, kwani jua la mchana hunywa maji kabla ya mchicha. Funika udongo kwa nyasi kavu au mabua ya mahindi, ambayo wengi wetu huyachoma bure baada ya mavuno. Wakati wa kiangazi usinyanyue tuta; lichimbe liwe chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yatulie penye mizizi.

Mvua zinaporudi, tazama juu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 20, linamwaga lita 960. Hata baadhi yakipotea, ndoo 40 zinabaki. Funga mfereji wa bati, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi, kisha kinga. Pipa lifunikwe vizuri, mbu wasizaliane.

Na wenye bustani mabondeni wakumbuke sheria: shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu chanzo cha maji, zikae angalau mita 60 kutoka kwenye chanzo hicho. Tukikiua chanzo, hakuna fundi wa kubadilisha mpira wake.

Leo jioni, kabla ya kulala, sikiliza koki yako.