Si Mwizi, Si Mvivu: Muuza Duka Mwenye Akili Isiyotulia

Leo tuzungumze juu ya duka. Sisi watu wa Kilwa na Lindi biashara tunaijua tangu zamani. Hata wale wauzaji wadogo wanaotembeza bidhaa mijini, nchi nzima inawaita wamachinga. Jina hilo ni la kabila la huku kwetu Lindi. Lakini leo hatutazungumza juu ya faida. Tutazungumza juu ya mtu anayesimama nyuma ya meza ya duka, na hasara ambayo haieleweki imetoka wapi.

Tuchukue mfano. Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini watu kama yeye wapo.

KIJANA WA NANGURUKURU

Kijana mmoja anauza duka la mjomba wake pale njia panda ya Nangurukuru, panapoachana barabara ya Lindi na ile ya kwenda Kilwa Masoko. Ni mchangamfu, na wateja wanampenda. Anawajua wote kwa majina.

Saa nne asubuhi basi linasimama. Watu wanashuka. Mmoja anataka sukari nusu kilo. Kijana anaiweka kwenye mizani. Kabla hajaifunga, mama mmoja anasema, "Mwanangu, nipimie mafuta ya kula, nitalipa jioni." Anakwenda kwenye mafuta. Simu inalia. Bwana mwingine ananyoosha mkono na noti, anataka sabuni na chenji yake upesi, kwa maana basi linaondoka. Utingo anapiga kelele, "Twende, twende!"

Jioni mjomba anahesabu fedha. Zimepungua shilingi 7,500.

"Mpwa wangu, fedha hizi zimekwenda wapi?"

"Mjomba, wallahi sijui."

Kesho yake zimepungua tena. Siku ya tatu mjomba anasema neno zito: "Basi wewe ni mwizi. Mtoto wa dada yangu, unaniibia!" Bibi naye anasema mjukuu wake ana jini, apelekwe kwa mganga. Mama wa kijana analia. Udugu unaanza kuvunjika kwa ajili ya shilingi 7,500.

Sasa tuifanye ile hesabu ya siku ya kwanza sisi wenyewe:

Bwana wa sabuni alitoa noti ya 5,000, akarudishiwa chenji ya 10,000. Hasara: 5,000.
Sukari nusu kilo ilichukuliwa, fedha haikudaiwa. Hasara: 1,500.
Mafuta yalikopeshwa, deni halikuandikwa. Hasara: 1,000.
Jumla: 7,500.

Umeona? Hakuna hata shilingi moja iliyoingia mfukoni mwa kijana. Hakuiba. Fedha zilipita katikati ya vidole vyake na yeye hakuziona.

HALI HII NI NINI?

Kila mtu husahau. Kila mtu hukosea chenji siku moja moja. Lakini wapo watu ambao kwao jambo hili ni la kila siku, tangu utotoni. Wataalamu wanaiita hali hii upungufu wa umakini na kutotulia.

Dalili zake ziko za namna tatu:

Kwanza, umakini unakatika. Mtu anaanza kazi, anaiacha katikati, anaanza nyingine. Anapoteza funguo, kalamu na simu. Unamwambia mambo matatu, anashika moja.

Pili, hatulii. Akiwa mtoto anarukaruka darasani. Akiwa mtu mzima anaweza kukaa kwenye kiti, lakini ndani ya moyo anaona kama anasukumwa na motokaa.

Tatu, ana papara. Anajibu kabla swali halijaisha. Anatoa chenji kabla hajaitazama noti.

Si lazima mtu awe na dalili zote tatu. Wengine, hasa wasichana, wametulia mwili lakini mawazo yao yako mbali. Hao hawaonekani upesi. Wanaitwa wazembe tu.

Hali hii si ngeni duniani. Mwaka 1902 daktari wa watoto, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London juu ya watoto wenye akili nzuri ambao hawawezi kutulia. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliiandika katika kitabu chao cha magonjwa kwa jina la upungufu wa umakini. Mwaka 1987 wakaongeza neno la kutotulia. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni hali ya watoto peke yao. Leo inajulikana kwamba wengi hukua nayo mpaka utu uzima.

Wataalamu wanakadiria kwamba katika kila watoto 100, watano hivi wanayo. Kwa watu wazima ni wawili au watatu katika kila 100. Kwa hesabu hiyo, penye watu wazima 1,000 panaweza kuwa na 20 mpaka 30 wenye hali hii.

INATOKA WAPI?

Mara nyingi hali hii inarithiwa, kama vile urefu unavyorithiwa. Ukiuliza vizuri, utasikia baba au shangazi naye alikuwa hivyo hivyo. Ubongo unafanya kazi kwa namna yake katika kupanga, kusubiri na kushika jambo moja. Si jini. Si uchawi. Si kwamba mama hakumlea vizuri mwanawe. Na si upungufu wa akili. Mtu mwenye hali hii anaweza kuwa hodari sana katika jambo linalompendeza. Ndiyo maana watu wanashangaa: "Mbona kwenye mpira anatulia? Basi dukani anafanya makusudi!" Hapana, hafanyi makusudi. Umakini anao, lakini haumtii kila anapouita.

Lakini tuwe waangalifu. Si kila anayesahau ana hali hii. Mawazo mengi, njaa, kukosa usingizi, malaria, pombe na bangi vinaweza kumfanya mtu asahau. Hali hii huanza utotoni, kabla ya miaka 12, na huonekana nyumbani na kazini pia, si mahali pamoja tu. Hakuna kipimo cha damu cha kuitambua. Mtaalamu wa afya ndiye anayeuliza maswali, akamsikiliza mtu na jamaa zake, kisha akasema.

KWA NINI DUKANI NI PAGUMU?

Shambani mtu analima tuta moja, anamaliza, anaingia la pili. Dukani mambo kumi yanakuja pamoja: mizani, noti, simu, mkopo, kelele na mtoto anayetaka peremende. Wakati wa fedha za ufuta na korosho ndipo hatari inapozidi. Watu ni wengi, noti ni kubwa, kila mtu ana haraka. Halafu jioni inakuja kazi ya kuhesabu, ambayo haina mchezo wala kicheko. Kazi kama hiyo ndiyo inayomshinda zaidi mtu wa namna hii.

MAMBO YA KUFANYA

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inamhusu kila mwenye duka. Kwa mtu mwenye upungufu wa umakini, ni dawa.

1. Mteja mmoja kwa wakati mmoja. Mwingine akiita, jibu kwa adabu: "Subiri kidogo mama, nakuja kwako." Usiache sukari kwenye mizani. Pima, funga, pokea fedha, andika. Ndipo umgeukie mwingine.

2. Noti ibaki juu ya meza. Usiitie kwenye droo mpaka chenji imetoka. Sema kwa sauti: "Umenipa elfu tano." Mteja akisikia, naye ni shahidi. Kama noti iko mbele ya macho yenu, hakuna wa kubishana.

3. Andika pale pale. Usiseme "nitaandika baadaye." Baadaye hiyo haifiki. Funga daftari kwa kamba kwenye meza, na kalamu uifunge kwa kamba pia. Piga mistari, upate safu tatu: kitu kilichotoka, fedha iliyoingia, na deni. Kwa mfano:

Sukari nusu kilo – 1,500 – hakuna deni.
Mafuta kipimo kimoja – 0 – deni 1,000, mama wa jirani.

Mistari miwili tu, na fedha haikupotea.

4. Kila kitu mahali pake. Funguo kwenye msumari mmoja. Daftari la madeni mahali pamoja. Vitu vinavyouzwa sana viwe karibu na mkono.

5. Simu iwe na kanuni. Kama duka linatoa huduma ya fedha za simu, ziwe na sanduku lake, zisichanganywe na fedha za bidhaa. Simu yako mwenyewe iwekwe mbali wakati wa wateja wengi.

6. Hesabu mara tatu kwa siku. Usingoje usiku. Hesabu kabla ya kwenda kuswali adhuhuri, kisha kabla ya alasiri, kisha wakati wa kufunga. Kama fedha zimepungua tangu asubuhi tu, ni rahisi kukumbuka kosa liko wapi. Baada ya siku nzima, nani atakumbuka?

7. Mwili upate haki yake. Lala vya kutosha. Kula kabla ya kufungua duka. Mtu asiyetulia apewe pia kazi za kutembea: kupanga magunia, kwenda kuchukua bidhaa kwa muuzaji wa jumla. Akirudi, kichwa kimetulia kidogo. Asitafute utulivu katika gongo au bangi. Vinazidisha tatizo.

KWA MWENYE DUKA

Ndugu mwenye duka, usimwite mtu mwizi kabla hamjahesabu pamoja. Kaeni wawili, mlango ukiwa umefungwa, mtazame daftari na bidhaa zilizobaki. Usimkemee mbele ya wateja. Aibu haimwongezei mtu umakini, inampunguzia.

Mpe agizo moja moja, kwa maneno machache. Mwambie alirudie: "Sema, nimekutuma nini?" Kama mna watu wawili dukani, gawaneni kazi: mmoja apime, mwingine apokee fedha. Siku za wateja wengi mpango huo unaokoa fedha nyingi.

Hatusemi kwamba kila fedha inayopungua ni kwa sababu ya hali hii. Wezi wapo. Lakini daftari halina upendeleo. Litamwonyesha mwizi, na litamsafisha asiye mwizi. Na wewe kijana, hali hii isiwe kisingizio. Kusahau si dhambi. Lakini kukataa kuandika, na hali unajua kwamba unasahau, hilo ni kosa lako.

HOSPITALI

Kama mambo yanazidi, kazi zinapotea na nyumba haina amani, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Eleza dalili zote, na useme zilianza lini. Nenda na mtu aliyekujua tangu utoto. Uliza huduma ya afya ya akili. Usione haya. Kwenda huko si kusema kwamba wewe ni kichaa. Unaweza kupelekwa hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au hospitali ya mkoa ya Sokoine, Lindi. Wengine hufika hata Muhimbili, Dar es Salaam.

Yako mazungumzo ya kumsaidia mtu kujipanga. Ziko na dawa. Dawa hizo hazifuti hali hii moja kwa moja, lakini zinawasaidia wengi kutuliza mawazo. Hutolewa na daktari tu, kwa kipimo chake. Usinunue dawa kwa mtu wa njiani.

Tunajua safari ni ndefu na nauli ni fedha. Ndiyo maana tumeanza na daftari, kamba na kalamu. Hivyo vinapatikana hata leo.

TURUDI NANGURUKURU

Tuseme yule mjomba amekubali. Amenunua daftari, amelifunga kwa kamba. Kila adhuhuri wanahesabu pamoja. Wiki ya kwanza fedha bado zinapungua. Wiki ya tatu, siku moja, zimepungua shilingi 500. Kijana anatazama mistari, anaweka kidole.

"Mjomba, nimekosea hapa. Sabuni hii nimeiandika kwa bei ya zamani."

Mjomba anatazama. Ni kweli. Shilingi 500 ni hasara bado. Lakini safari hii inajulikana imekwenda wapi, na aliyeionyesha ni yule yule aliyeitwa mwizi.

"Haya mwanangu," anasema. "Rekebisha. Kisha twende tukaswali."

Ndugu msomaji, kusoma na kuandika tulikojifunza kwenye kisomo si kwa ajili ya barua tu. Kunaweza kumwondolea mtu jina la wizi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Zile shilingi 7,500 zilipoteaje? Taja njia tatu.
2. Je, katika kijiji chenu yupo mtu anayeitwa mvivu au mzembe tangu utotoni? Msimtaje jina. Jadilini anaweza kusaidiwa vipi.
3. Kwa nini ni vizuri kuhesabu fedha mara tatu kwa siku?
4. Chukua daftari lako. Piga safu tatu. Andika mauzo matano ya mfano, mawili yawe ya mkopo. Jumlisha.

MANENO YA KUKUMBUKA

Umakini: uwezo wa kushika jambo moja kwa akili mpaka liishe.
Papara: kufanya jambo kwa haraka bila kufikiri.
Kisingizio: sababu ya uongo ya kukwepa kosa.
Upendeleo: kumpa mmoja haki kuliko mwingine.