Trauti wa mtoni kwetu walienda wapi? Msiilaumu barafu peke yake

Ndugu zangu wa saiba, leo siandiki siasa. Najua kuna watakaonung'unika, lakini subirini, itaingia yenyewe kabla hatujafika mwisho. Huku kwetu hata maji ya mtoni yana siasa yake. Na kwa kuwa dakika zako hapo ulipo zinahesabiwa, sitazunguka.

Mwezi wa kwanza nilikwenda nyumbani. Kwetu ni upande wa Naro Moru, magharibi ya Mlima Kenya, na karibu na shamba letu kinapita kijito kinachoingia mto Naro Moru. Nilipokuwa mdogo kijito kile kilikuwa na trauti wengi. Safari hii, pale darajani hakuna hata mmoja. Nilipouliza, kila mtu alinipa jibu lile lile: "Barafu ya mlima imeisha, kwa hivyo mto umeisha." Vijana wamelisikia redioni, wazee nao wanalirudia. Ni jibu zuri kwa sababu halimgusi mtu yeyote pale kijijini. Mimi naliona ni nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayotuhusu.

Kwanza, kwa wale waliokulia Mombasa au Kisumu, trauti ni samaki gani? Ni samaki wa maji baridi, mwenye madoadoa, mwepesi kama mshale. Yeye si mwenyeji wa hapa. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na wakapandwa katika mto Gura kule Aberdare. Baadaye wakaja trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni mito inayoingia bahari ya Pasifiki, wengine wakipitia Afrika Kusini. Walowezi walitaka mchezo wa kuvua kama kwao Ulaya. Samaki wakakubali mito yetu, wakazaana, wakasambaa mito mingi ya Aberdare na Mlima Kenya. Mpaka leo serikali ina kituo cha kutotolesha trauti pale Kiganjo, Nyeri.

Sisi watoto tulimjua kupitia wavuvi wageni. Walikuja wikendi na fimbo zao ndefu, sisi tukiwabebea makapu kwa shilingi mbili tatu. Kulikuwa na kidimbwi chini ya mugumo mmoja, maji yake meusi kwa kina, lakini ukisimama kimya unaona kivuli kikipita chini. Ukitia mguu, baridi inakupanda hadi magotini na unatoka mbio. Tulikuwa tunashindana nani ataweza kuhesabu hadi hamsini akiwa ndani. Mimi sikuwahi kufika thelathini.

Sasa kidimbwi kile kinafika kwenye kifundo cha mguu. Nilivua viatu nikasimama katikati, nikahesabu hadi mia mbili bila taabu yoyote, maana maji yalikuwa vuguvugu. Chini hakuna mawe, ni tope laini la rangi ya chai ya maziwa. Mugumo umebaki kisiki. Ng'ambo kuna vitunguu na kabeji hadi ukingoni kabisa, na kando yake pampu ya petroli inanguruma. Nilihesabu mipira na paipu zilizoingia majini kutoka darajani hadi kwenye kona, mwendo wa dakika kumi hivi. Nilifika kumi na nne nikaacha kuhesabu.

Haya, turudi kwenye barafu. Ni kweli inaisha, hilo halina ubishi. Barafu kubwa kuliko zote za Mlima Kenya, ile inayoitwa Lewis, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Lakini jiulize: barafu yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani? Ni vipande vidogo kileleni. Mito yetu hainyweshwi na barafu hasa. Inanyweshwa na mvua inayonyesha juu ya msitu, mianzi na ile nyika yenye baridi iliyo juu ya msitu. Maji yanazama ardhini, yanakaa humo kama pesa benki, halafu wakati wa kiangazi yanatoka pole pole kwenye chemchemi. Barafu ikiyeyuka yote, tutapoteza kitu kikubwa na kizuri, na mvua nayo inabadilika kwa sababu ya joto hilo hilo. Lakini mto haufi kwa sababu ya barafu peke yake.

Ushahidi? Nilipanda. Siku ya pili niliondoka darajani asubuhi nikafuata kijito kuelekea mlimani, pamoja na mzee mmoja jirani ambaye wote tunamwita Guka. Kadiri tulivyopanda, maji yaliongezeka. Soma tena sentensi hiyo. Kwa kawaida mto hukua ukishuka, maana vijito vinaingia. Huu wetu ulikuwa unakua tukipanda! Tulipovuka mpaka wa msitu, mawe yakarudi, kivuli kikarudi, na baridi ile ya kuuma mifupa ikarudi. Guka akanishika mkono akaninong'oneza, "Kijana, simama hapo hapo." Nyuma ya jiwe, trauti wawili wadogo walikuwa wametulia, vichwa vimeelekea juu mtoni.

Kwa hivyo mlima ni ule ule na mwezi ni ule ule wa kiangazi, lakini samaki wako juu na chini hawapo. Ina maana jambo lililowaondoa linatokea kati ya msitu na daraja. Na katikati hapo hakuna barafu. Kuna sisi.

Acha nieleze linavyotokea, maana trauti ni kama kipimo cha daktari. Anahitaji vitu vitatu tu.

Cha kwanza ni baridi. Maji yakipita nyuzi 20 za Selsiasi hivi, trauti anaanza kuteseka. Sababu ni hewa: maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba kama miligramu 11 za oksijeni, na ya nyuzi 20 hubeba kama 9. Huku kwetu, mita 2,000 juu ya bahari, kiasi hicho hupungua kwa karibu moja ya tano. Na maji yanapopata joto ndipo mwili wa samaki unapohitaji oksijeni zaidi. Yaani mshahara unapunguzwa na bei ya unga inapanda siku hiyo hiyo. Sasa ukikata miti yote ya ukingoni jua linapiga maji moja kwa moja, na ukipunguza maji yenyewe yanapata moto haraka. Sufuria yenye kikombe kimoja huchemka kabla ya iliyojaa, hata mtoto anajua.

Cha pili ni changarawe safi. Trauti jike huchimba kishimo kwenye changarawe, akataga mayai, akayafunika. Maji hupita katikati ya vijiwe na kuyapelekea hewa. Kwenye maji ya nyuzi 10, mayai ya trauti wa upinde wa mvua huchukua kama mwezi mmoja kuanguliwa. Katika mwezi huo ikinyesha mvua moja kubwa, na shamba limelimwa hadi ukingoni, udongo wote unashuka mtoni na kuziba zile nafasi. Mayai yanakosa hewa. Hakuna anayeona samaki wakifa, ila mwaka ujao hakuna watoto. Hata vidudu vinavyoishi chini ya mawe, ambavyo ndivyo chakula cha trauti, vinakwenda na tope hilo.

Cha tatu ni maji yenyewe. Hapa ndipo siasa inapoingia, niliwaambia. Baada ya uhuru mashamba makubwa ya walowezi upande huu yalinunuliwa na vyama na kampuni za ununuzi wa ardhi, yakagawanywa vipande vidogo. Ndivyo wazazi wetu wengi walivyopata mahali pa kuishi, na sitaki mtu anisikie nikilaumu hilo. Lakini kila kipande kilihitaji maji. Kisha kilimo cha maua na mboga za kuuza Ulaya kikapanuka kuanzia miaka ya 1990. Tukaongeza mishiri, vitunguu, nyanya. Wengine wana vibali, wengi hawana. Juu ya hayo, tukapanda mikaratusi kando ya chemchemi kwa sababu inakua upesi na nguzo zina soko, na mti ule unakunywa si mchezo. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na mito na vyanzo vya maji ing'olewe. Tembea kando ya mto wa kwenu uone iliyobaki.

Msije mkadhani haya ni majonzi ya mtu aliyezoea kuona wazungu wakivua. Maji ya Naro Moru yanaingia Ewaso Ng'iro, mto unaopita Laikipia, Samburu na Isiolo hadi kinamasi cha Lorian. Kule chini hakuna mto mwingine wa kukimbilia. Watafiti waliopima mto huo pale Archers Post walikuta kwamba mwezi wa Februari, miaka ya 1960, zilipita kama mita za ujazo 9 kila sekunde. Miaka ya 1990 ilikuwa kama 1 tu. Mfugaji mwenye ngamia na mbuzi kule hajui trauti ni nini, wala hana haja ya kujua. Ila kinachomfukuza trauti pale darajani kwetu ndicho kinachomwacha yeye akichimba mchanga kutafuta maji. Na kiu ikizidi watu hupanda na mifugo kuelekea mlimani, na hapo mnaanza kusikia habari za mapigano kana kwamba yametoka hewani.

Kuna atakayesema: "Lakini huyo samaki wenu si wa hapa, wacha afe." Hoja hiyo naiheshimu. Sehemu nyingi duniani trauti aliyepandwa na watu amemaliza vyura na samaki wa asili. Hastahili sanamu. Lakini yeye hakuondoka ili mwenyeji arudi. Ameondoka kwa sababu maji baridi na safi yameondoka, na hayo ndiyo waliyokuwa wakinywa babu zetu kabla ya Grogan kuzaliwa. Marehemu Wangari Maathai, mtoto wa Nyeri, alipopokea Tuzo ya Nobeli kule Oslo mwaka 2004 alizungumza juu ya kijito cha utotoni mwake, alikochota maji na kucheza na mayai ya vyura, na jinsi kilivyokauka. Chake kilikuwa na vyura na chetu kilikuwa na samaki. Ugonjwa ni mmoja.

Dawa ipo, na si ya kubahatisha. Kanuni za maji za 2007 zilitaka ardhi ya ukingoni iachwe bila kulimwa, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande kulingana na upana wa mto. Zilitaka pia anayeomba kibali cha umwagiliaji awe na mahali pa kuhifadhi maji ya siku 90, ili avune mafuriko ya msimu wa mvua na auache mto wakati wa kiangazi. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna vyama vya watumiaji maji katika mito ya bonde hili. Wanakaa pamoja wa juu na wa chini, wanagawana zamu, wanafunga mifereji kiangazi kikizidi. Chama kikiwa na nguvu, watu wa chini wanapata maji bila kubeba rungu. Kikilala, mwenye pampu kubwa ndiye serikali.

Guka hana simu ya intaneti, lakini ana akili. Upande wake wa kijito ameacha kulima hatua ishirini. Ameweka nyasi ya nepia na miti ya asili, na nepia ile anawakatia ng'ombe wake. Nilimuuliza kama hasara haimuumi. Akacheka: "Hasara gani? Shamba langu halijawahi kushuka mtoni. La jirani liko Isiolo sasa."

Basi kazi kwenu. Likizo ijayo ukienda ushago, usiishie darajani. Panda na mto wako hadi unapotoka. Tia mguu majini kila baada ya muda, tazama kama chini ni mawe au ni tope, hesabu paipu. Pale mto unapobadilika ndipo penye jibu, na ukilipata, lipeleke kwenye mkutano wa chama cha maji cha kwenu. Mkutano ni wa wazi, na mara nyingi vijana ndio wanaokosekana. Kisha rudi utuambie ulikuta nini. Na kama unaona nimekosea kuhusu barafu, leta hoja zako hapa chini, tubishane kwa adabu.