Usichague rangi ya chumba, chagua ya nyumba

Anayerejea Burundi na kujenga upya hajui bado chumba kitakuwa cha nani: leo wanalala watoto, mwakani ni stoo ya bidhaa au anaingia mpangaji. Rangi ifae yote hayo.

Krimu ni bora kuliko nyeupe tupu, kwani vumbi jekundu la Muyinga huonekana upesi ukutani. Chini, hadi mita moja, fundi apake rangi ya mafuta ya kahawia; alama za mikono na magunia hufutika kwa kitambaa chenye maji. Waridi na kijani? Labda mlangoni.

Kabla ya kununua nyingi, paka kipande cha boksi, ukitazame mchana na usiku chini ya taa. Krimu nyingine hugeuka njano. Plasta mpya nayo isubiri wiki 4.

Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kuta za mita 2.7, huhitaji takriban lita 8 za rangi kwa jumla, ya maji na ya mafuta, kikipakwa mara mbili. Anayenunua Kabanga na kuvukia Kobero achukue makopo yote siku moja, yenye namba ileile ya kutengenezwa, yaliyoandikwa kuwa hayana madini ya risasi. Kopo la kuongezea, likifuatwa baada ya mwezi, huacha kiraka ukutani.