Mpira Mmoja na Uhai wa Injini

Injini ya dizeli inayoendesha jenereta au kinu cha kiwanda haiwezi kugeuza nishati yote ya mafuta kuwa kazi. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutoka ikiwa joto: nyingine hupitia bomba la moshi, na nyingine huingia katika chuma cha injini. Joto hili la pili lisipoondolewa, pistoni hutanuka hadi kukwama ndani ya silinda. Kazi ya kuliondoa hufanywa na maji, ambayo pampu huyasukuma yapite katika injini, yaende kupoa kwenye rejeta, kisha yarudi. Mabomba na mipira inayounganisha sehemu hizo hudhaniwa mara nyingi kuwa ni njia tu ya kupita. Kumbe ndiyo huweza kuamua uhai wa injini.

Kiasi cha maji

Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili halijoto yake ipande kwa digrii 1 ya Sentigredi. Chukulia kwamba maji hayana budi kuondoa kilowati 84 za joto. Yakipita kilo 2, yaani takriban lita 2, kwa kila sekunde, halijoto yake itapanda kwa digrii 10: yataingia katika injini yakiwa na digrii 75 na kutoka yakiwa na digrii 85. Mtiririko ukipungua kuwa nusu, halijoto itapanda kwa digrii 20.

Injini ikishapata moto wake wa kawaida, maji hufuata njia moja, na kiasi kilekile hupita kila mahali, kama mkondo wa umeme katika saketi ya mfuatano. Kwa hiyo sehemu moja nyembamba hupunguza mtiririko wa mzunguko mzima.

Sheria ya kipenyo

Karibu mwaka 1840, daktari Mfaransa Jean Poiseuille alichunguza maji yanavyopita katika mirija myembamba. Ilidhihirika kwamba, kanieneo isipobadilika, kipenyo kikipunguzwa kuwa nusu, mtiririko laini hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Katika mabomba ya injini maji huenda kwa msukosuko, na upungufu si mkali kiasi hicho. Hata hivyo, katika bomba refu mtiririko hushuka hadi karibu sehemu moja ya sita. Iwapo hali hiyo itaupata mzunguko wa mfano uliotajwa, maji yangelazimika kupanda kwa digrii 60, yaani kufikia digrii 135. Kabla ya hapo yatachemka, hata kama mfuniko wa rejeta unaongeza kanieneo na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu digrii 120.

Kwa nini mpira?

Injini hutetemeka, ilhali rejeta imefungwa imara. Isitoshe, bomba la chuma la pua lenye urefu wa meta 2 hurefuka kwa zaidi ya milimeta 1 likipata joto la ziada la digrii 60. Kiungo kigumu kingepasuka. Mpira hupokea mtetemo na mtanuko huo, na nyuzi zilizofumwa ndani yake huuzuia usivimbe kwa kanieneo.

Lakini mpira huzeeka. Joto huufanya mgumu na wenye nyufa. Mafuta ya injini huweza kuulainisha na kuuvimbisha. Hatari iliyojificha zaidi ipo upande ambako pampu huvuta maji. Hapo kanieneo ya ndani huweza kushuka chini ya ile ya hewa ya nje. Mpira uliolainika hubanwa ukawa bapa wakati injini inapokwenda kasi, yaani wakati maji yanapohitajika zaidi. Injini ikizimwa, hurudi kuwa mviringo, na fundi anayeukagua haoni kasoro yoyote. Ndiyo sababu mipira ya upande huo huwekewa waya uliosokotwa mfano wa springi, na haifai kuuacha waya huo wakati wa kubadilisha mpira.

Mpira uguswe injini ikiwa imepoa. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa ungali moto, kanieneo hushuka ghafla, maji hugeuka mvuke mara moja, na mtu huweza kuungua vibaya.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wachukue mipira miwili mirefu yenye urefu sawa, mmoja ukiwa na kipenyo cha ndani mara mbili ya mwingine. Wanyonye maji kwa njia ya sifoni kutoka ndoo iliyo juu ya meza hadi chombo cha lita 1 sakafuni, wakipima muda. Eneo la tundu la mpira mnene ni mara nne ya lile la mwembamba. Lakini muda utatofautiana kwa zaidi ya mara nne. Wakiulizana sababu, watakuwa wameanza kuelewa kwa nini mpira wa bei ndogo huweza kuharibu injini ya bei kubwa.