LENZI KWANZA, KAMERA BAADAYE

Kupiga picha ni kazi, tena ni kazi ya heshima. Bukoba mjini, Muleba, Kamachumu hata visiwani Bumbire na Goziba, hapana harusi, ubatizo, mahafali wala mkutano wa Chama usiokuwa na kijana mwenye kamera shingoni. Vijana hawa hawamngojei mtu awaajiri. Wanakula jasho lao. Kwa sababu hiyo twaona ni wajibu wetu kusema nao leo juu ya jambo linalowatia wengi wao hasarani, nalo ni uchaguzi wa zana.

Twajua jinsi mambo yanavyokwenda. Kikundi cha vijana kinapata mkopo, pengine katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria ya mwaka 2018 iliziagiza halmashauri ziwatengee wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha zote zinamalizikia kwenye mwili wa kamera mpya, wenye namba kubwa na jina la kutisha. Lenzi inabaki ile ndogo iliyokuja na kamera, na betri ni moja. Siku ya harusi, ndani ya kanisa lenye giza, picha zinatoka na ukungu, bwana harusi anakataa kulipa, na deni linabaki pale pale. Deni hilo ni fedha za umma, na lisipolipwa, kikundi kinachofuata kitakosa.

Yafaa ieleweke kwamba mwili wa kamera huzeeka upesi, lakini lenzi nzuri hudumu. Lenzi za Canon za aina ya EF, zilizoanza kuuzwa mwaka 1987, bado zinaingia katika kamera za dijitali za EOS zenye kioo. Ni kweli kwamba viwanda vikubwa sasa vimegeukia kamera zisizo na kioo. Lakini lenzi za EF huweza kufungwa hata kwenye kamera hizo mpya za Canon kwa kipande cha kuunganishia. Basi shilingi iliyowekwa kwenye lenzi haipotei kwa urahisi.

Je, mwanzaji anunue lenzi gani? Ile ya milimita 18 hadi 55 asiitupe. Yatosha kwa kazi za mchana na kwa picha za jamaa wengi waliosimama uwanjani. Ya pili iwe ya milimita 50 yenye tundu la 1.8. Bei yake ni ndogo kuliko lenzi nyingi, lakini tundu lake likifunguliwa lote hupitisha mwanga karibu mara kumi kuliko ile ndogo inapovutwa mpaka mwisho wake. Hiyo ndiyo lenzi ya kanisani, ya sebuleni na ya jioni. Ya tatu, ndefu, ifikayo milimita 250 au 300, ni ya kiwanja cha Kaitaba na ya mikutano ya hadhara. Hiyo ingoje mpaka mbili za kwanza zimejilipa.

Mnunuzi na ajihadhari na mambo mawili. Kamera ndogo za Nikon, kama zile za D3000 na D5000 na ndugu zao, hazina mota ndani, na lenzi kuukuu isiyo na mota yake haitalenga yenyewe. Tena lenzi za Canon za EF-S hazikai kwenye kamera zao zenye kihisi kikubwa. Asiyeuliza haya dukani atayajua nyumbani, fedha ikiwa imekwisha kwenda.

Sasa vifaa vingine. Nchi yetu hii ya ziwani ina mvua nyingi na unyevu mwingi, na unyevu huzaa kuvu ndani ya lenzi. Mfuko wa ngozi uliofungwa na kuwekwa uvunguni ni kaburi la lenzi. Zihifadhiwe katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Na anayepanda bodaboda katika vumbi jekundu la barabara za Muleba asibadilishe lenzi njiani. Betri ya pili inunuliwe kabla ya begi la fahari; aendaye kisiwani ataelewa kwa nini. Kadi mbili ndogo ni salama kuliko moja kubwa, kwani ikiharibika moja, nusu ya harusi itakuwa imepona.

Lipo pia jambo lisilonunuliwa. Kamera hupima mwanga kama kwamba kila kitu duniani ni cha kijivu. Ikiona shela jeupe hupunguza mwanga, na uso mweusi wa bibi harusi ukapotea gizani. Fundi apime mwanga usoni, si kwenye nguo. Mwananchi aliyelipa anayo haki ya kuuona uso wake mwenyewe.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipobomoa nyumba katika mkoa huu, picha ilikuwa ushahidi wa mwenye nyumba. Ndiyo maana twasema kazi hii si mchezo.

Mwaka 1950 wakulima wa kahawa wa Bukoba waliunda chama chao kikuu cha ushirika, ambacho leo ni KCU. Walielewa kwamba mkulima mmoja hana nguvu mbele ya mnunuzi. Wapiga picha nao waige. Watu watano wanunue lenzi ndefu moja kwa pamoja, waiandikie daftari la zamu, na atakayeivunja ajulikane na alipe. Mkopo utarudi, na kijana atabaki na zana mkononi badala ya deni kichwani.